Picha ya kitabu si kitabu

Wadau, leo sina habari za Bunge wala za bei ya dagaa pale Mwaloni Kirumba. Leo nina kisa cha aibu yangu mwenyewe, na hoja iliyozaliwa na aibu hiyo. Naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Nina rafiki yangu hapa Mwanza ambaye haoni tangu akiwa mtoto. Mwaka jana alikuwa anasoma fasihi ya Kiswahili katika chuo kimoja hapa mjini. Katika orodha ya vitabu vya muhula kulikuwa na riwaya ya Aniceti Kitereza, mzee wetu wa Ukerewe: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Nakala alikuwa nayo, tena ya kununua kwa hela yake. Lakini kitabu cha karatasi mkononi mwa mtu asiyeona ni sawa na redio isiyo na betri. Akaniomba nimtengenezee nakala ambayo kompyuta yake ingeweza kumsomea.

Nikasema, hilo tu? Nikaenda kwenye duka la fotokopi Nyegezi, kijana akaskani ukurasa kwa ukurasa, akanipa faili kwenye flashi. Nikalituma huku najiona shujaa. Haikupita saa moja simu ikaita.

"Dada mwandishi, hiki ulichonitumia hakisemi."

Hakisemi kwa sababu nilimtumia picha. Mimi na wewe tukifungua faili la namna hiyo tunaona maneno. Programu ya kusoma skrini haioni maneno, inaona picha tu, kama picha ya Jiwe la Bismarck. Kwanza lazima picha hiyo ipitishwe kwenye programu inayotambua herufi na kuzigeuza kuwa maandishi. Ipo ya bure inaitwa Tesseract, na Kiswahili inakijua. Nikapitisha, nikatuma tena. Safari hii faili lilisema. Lakini lilisema nini?

Mashine inatazama umbo la herufi, na maumbo yanafanana. "Mama" likawa "rnarna", maana r na n zikikaribiana zinaonekana kama m, na kinyume chake. "Alikwenda" likawa "ahkwenda", l na i zimeungana kuwa h. "Lakini" likaanza na tarakimu 1. Neno lililokatwa mwisho wa mstari, kama "wana-funzi", likabaki vipande viwili. Na ile alama ndogo ya ng', ambayo sisi wa huku hatuwezi kuishi bila yake, ikapotea kabisa. Hebu fikiria mtu akuandikie Nyang'hwale au Ng'wanamalundi bila alama hiyo, halafu mashine ikusomee. Hilo si jina tena.

Wewe unayeona ukikuta "rnarna" unacheka, jicho linasahihisha lenyewe, unaendelea. Anayesikiliza hana jicho la kumsahihishia. Anasikia kelele, anarudisha nyuma, anaamuru mashine imtajie herufi moja moja, anabahatisha. Kwenye ukurasa wenye makosa thelathini hiyo siyo kusoma tena, ni kuchambua mchele gizani.

Nikaahidi kusafisha. Nikasema, kabla ya mtihani wako nitakuwa nimemaliza sura zote zinazohitajika. Kwa haraka zangu za chumba cha habari nikatafuta njia ya mkato: nikaiamuru kompyuta ibadilishe kila "rn" kuwa "m" katika faili zima. Kiswahili hakina "rn", nikajiambia. Nilikosea, na majina ya watu nayo yanayo. Huko mbele nikakuta Bernard amekuwa Bemard na Ernest amekuwa Emest. Nikaanza upya. Kisha nikatumwa kazini nje ya mji, nikarudi nimechoka, siku zikaenda. Mtihani ulipofika nilikuwa nimesafisha sura mbili.

Alifanya vibaya. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu: "Kila nilipotaka kumsikia Bugonoka, mashine ilinikatiza na namba ya ukurasa." Kumbe namba za kurasa na kichwa cha habari kinachorudiwa juu ya kila ukurasa sikuviondoa, vikawa vinaingia katikati ya sentensi. Kitu cha kufuta kwa sekunde mbili. Sikukifuta.

Sasa hoja yangu.

Tumejidanganya kwamba kuskani kitabu ni kumsaidia asiyeona. Maktaba na vyuo vinatangaza kwamba vitabu viko "kwenye mfumo". Viko kweli, lakini kama picha zilizopinda, zenye kivuli cha kidole gumba cha aliyekuwa anaskani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa tarehe 27 Juni 2013 ili sheria za hakimiliki zisiwe kizuizi kwa wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na Tanzania ilijiunga nao 2020. Mkataba unaruhusu hata mtu binafsi, au anayemsaidia, kujitengenezea nakala ya kusoma mwenyewe ya kitabu alichokipata kihalali. Kwa hiyo kusema "tunaogopa wezi wa vitabu" hakutoshi. Mimi ni mwandishi, wizi wa kazi za watu naujua na unaniuma. Lakini nakala safi ya mwanafunzi mmoja asiyeona haijamwibia mtunzi chochote. Imemwongezea msomaji.

Na tusidhani habari hii ni ya wachache. Hapa Kanda ya Ziwa tuna ndugu zetu wengi wenye ualbino, na wengi wao wana uoni hafifu. Ukiikuza picha ya ukurasa, herufi zinafifia na mstari unatoka nje ya skrini, inabidi usukume kulia na kushoto kama anayefua nguo. Ukiyakuza maandishi halisi, mistari inajipanga upya yenyewe. Kwa mtoto wa shule kama Mitindo pale Misungwi, tofauti hiyo ni kati ya kusoma na kuumwa kichwa.

Wapo watakaosema akili bandia itamaliza yote haya. Nimeijaribu. Ni kweli inasoma vizuri kuliko programu za zamani. Lakini ina tabia moja inayonitisha: ikishindwa kusoma neno, inaweza kubuni jingine linalofaa pale. Programu ya zamani ikikosea inaandika "ahkwenda" na unajua kuna kosa. Hii inaweza kukuandikia "aliondoka", neno safi kabisa, ila mtunzi hakuliandika. Asiyeona atajuaje? Kwa hiyo bado anahitajika mtu mwenye kitabu mkononi, alinganishe mstari kwa mstari.

Na mtu huyo asijifanye mhariri. Kitereza alimaliza kuandika kwa Kikerewe 1945, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa katika juzuu mbili 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Kiswahili chake ni cha kwake, kina maneno ambayo mimi wa leo nisingeyatumia. Kazi yangu ni kufuta kosa la mashine, siyo kufuta lugha ya mzee. Nikikuta neno nisilolijua, kamusi kwanza, halafu nimuulize mtu wa Ukerewe. Kidole kwenye kitufe cha kufuta kiwe cha mwisho.

Tufanye nini basi? Naona mambo matatu.

La kwanza, wachapishaji. Kitabu kilichopangwa kwenye kompyuta kina faili lake la maandishi, safi, tayari. Mwanafunzi asiyeona akileta risiti na barua ya chuo, mpeni faili hilo kwa masharti. Kuchapa kitabu kwa kompyuta, kukiuza kwa karatasi, halafu kumlazimisha mtu akiskani arudi kwenye kompyuta ni mzunguko wa ajabu.

La pili, vyuo. Mhadhiri atoe orodha ya vitabu mapema, siyo wiki ya pili ya masomo. Nakala safi haitengenezwi usiku wa kuamkia mtihani. Mimi ni shahidi.

La tatu, sisi. Nilipima muda wangu: ukurasa mmoja unanichukua dakika tano hivi. Kitabu cha kurasa 300 ni saa 25. Mtu mmoja atachoka, mimi nilichoka. Watu kumi ni saa mbili na nusu kila mmoja, muda wa mechi moja na mazungumzo yake. Wenzetu wa Distributed Proofreaders wanafanya hivyo tangu 2000, ukurasa mmoja mmoja, na ukurasa huohuo unapitiwa na zaidi ya mtu mmoja. Na programu ya NVDA anayoitumia rafiki yangu, ambayo haiuzwi, ilianzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia, kijana asiyeona. Hakusubiri aonewe huruma.

Mimi nimerudi kazini. Kila Jumamosi asubuhi nakaa na juzuu ya kwanza upande mmoja na kompyuta upande mwingine. Naondoa namba za kurasa, naunganisha maneno yaliyokatwa, naweka alama ya sura ili msikilizaji aweze kuruka kutoka sura hadi sura, narudisha kila ng' mahali pake. Mwisho nafumba macho na kuiacha mashine inisomee. Makosa ambayo jicho limeyapita, sikio linayakamata.

Mtihani ule haurudi. Lakini juzi nilimtumia sura ya tano, na hakupiga simu. Siku mbili, kimya. Nikaingiwa na wasiwasi, nikampigia mimi: kuna tatizo tena?

"Hapana, dada. Nilikuwa nasoma."

Naomba kutoa hoja.