Misikiti ya Kale Tuitengeneze, Tusiivunje

Maneno haya yanasikika sana siku hizi katika baraza za Lamu, Pate na Siyu: "Msikiti huu umechakaa, tuuvunje tujenge mpya." Asemaye hivyo aghalabu hana nia mbaya. Amepata mfadhili, au jamaa zake walio ng'ambo wamemchangia, naye ataka nyumba ya Mwenyezi Mungu ing'are. Nia hiyo twaiheshimu. Lakini mimi naona twakimbilia nyundo kabla hatujakijua tunachokipiga.

Na tuanze na umri. Msikiti wa Pwani, ulio karibu na ngome ya Lamu, una maandishi ya mwaka 772 wa Hijria, yaani 1370 wa Miladi. Ngome yenyewe, ambayo wageni huipiga picha kutwa, ilimalizika mwaka 1821. Kwa hiyo watu walikuwa wakisujudu hapo miaka 450 kabla ya ngome kukamilika. Na huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton kati ya 1980 na 1988, walikuta chini ya gofu la msikiti wa Ijumaa alama za misikiti midogo iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa ya miti na udongo, ya karne ya 8. Wale waliozoea kutuambia kuwa Uislamu wa pwani hii ni jambo la juzi, jawabu yao imetoka ardhini.

Misikiti hii ilijengwa kwa elimu, si kwa umaskini kama wadhanivyo baadhi ya vijana wetu. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ni matumbawe yayo hayo yaliyochomwa. Dari ni ya boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba sakafu nzito ikivuka nafasi ya kiasi cha mita 3. Ndiyo maana ndani mna nguzo nyingi zilizokaribiana: fundi alizipanga kwa kipimo cha boriti. Kibla wakakitia nakshi kwa tumbawe laini la baharini, lililochongwa lingali bichi, na pengine wakapachika bakuli za Kichina. Wakajenga birika la kutawadhia, wakatia samaki wadogo ndani yake wale viluwiluwi vya mbu. Minara haikuwa desturi. Mwadhini alipanda ngazi akaadhini juu ya sakafu. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa mwaka 1829, na mnara wake uliochongoka, ni katika misikiti michache ya zamani yenye mnara.

Sasa tuitazame saruji tunayoipenda. Ukuta wa matumbawe una chumvi na unyevu ndani yake, na chokaa huuacha ukapumua. Saruji huuziba, maji hubaki ndani, lipu ikafura na kubanduka. Nazo nondo, hewa ya bahari huzitia kutu, zikavimba, zege ikapasuka. Nimeuona kwa macho yangu msikiti mmoja wa mtaa, jina lake sitalitaja, uliopakwa saruji juu ya kuta za kale. Haikupita miaka mingi lipu ikaanguka mapande mapande. Kibla kilichokuwa na nakshi kilikuwa kimekwisha kubomolewa, mahali pake pamebandikwa vigae vya dukani. Nikauliza maandishi yaliyokuwa juu yake yamekwenda wapi. Hapana aliyejua, wala hapana aliyeyanakili.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema: sisi hatuabudu mawe. Ni kweli, wala sitaki tuyaabudu. Wa pili atasema: watu wamezidi, na hata Msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, ulipanuliwa mara nyingi, nao watu wa Shanga, si walijenga mpya juu ya wa zamani? Hayo pia ni kweli. Lakini kupanua si kufuta. Tazama Kizimkazi, Unguja. Msikiti wake ulijengwa upya katika karne ya 18, lakini waliojenga waliuacha ukuta wa kibla pamoja na maandishi yake ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Walipata msikiti mpya, nasi tukabakiwa na ushahidi wa zaidi ya miaka 900. Hekima hiyo haikuhitaji mtaalamu wa kigeni.

Wala tusidhani maradhi haya ni yetu peke yetu. Uingereza vijiji vingi vina kanisa la mawe lililojengwa zama za kati. Katika karne ya 19 mapadri na wenye mali waliingia kuyafanya mapya, wakakwangua kuta na kuondoa kazi za kale. Mwaka 1877 William Morris, naye alikuwa mshairi na fundi, akaunda chama cha kuyatetea majengo hayo. Hoja yake ilikuwa nyepesi: tunza kila siku kidogo kidogo, usingoje yaoze ndipo uyabuni upya. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi, ajabu yetu, twauacha ufa makusudi ili tupate kisa cha kujenga ukuta.

Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Hilo ni jema, lakini orodha haipandi ngazi ikaziba paa linalovuja, na tena Pate na Siyu hazimo. Kazi hii ni ya mutawali, kamati na watu wa mtaa. Msikiti ni wakfu, na mali ya wakfu si ya mwenye fedha wala ya kizazi kimoja.

Basi nayataka mambo manne. Kwanza, pasivunjwe ukuta kabla ya msikiti kupimwa, kupigwa picha, na maandishi yake kunakiliwa. Pili, kibla cha kale kisiguswe. Pakihitajiwa nafasi, paongezwe ubavuni au nyuma. Tatu, kuta za matumbawe zitengenezwe kwa chokaa. Nne, sehemu ya kila mchango iwalipe mafundi wazee wawafundishe vijana, kwani fundi akifa na kazi yake, hata fedha za ng'ambo hazitamrudisha.

Ndugu msomaji, mfadhili akija mtaani kwenu, mshukuru, mkaribishe kahawa, kisha umwonyeshe boriti iliyooza na umwombe ainunue nyingine. Thawabu yake haitapungua kwa kuwa msikiti umebaki na sura ile waliyoijua babu zetu.