Ndiga: Njaa Isitusahaulishe Maarifa



Ndugu wasomaji, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma kwamba wakati wa njaa huko Gilgali mtu mmoja alichuma matunda ya mtambaa wa porini asioujua, akayakatia chunguni. Walaji walipoonja walitambua kuwa wanakula mauti. Nabii Elisha alikiponya chakula kile kwa unga. Sisi wauguzi hatuna muujiza huo.

Katika bonde letu la Kilombero miezi ya masika ni migumu. Mpunga bado uko shambani, ghala ni tupu, na familia nyingi ziko madunguni, mbali na zahanati. Ndipo watu hukumbuka ndiga, kiazi cha porini cha nyakati za njaa. Mmea wake hupanda juu ya miti, shina lina miiba, na kila jani limegawanyika sehemu tatu.

Wapo wanaotaka ndiga ipigwe marufuku. Hatukubaliani nao. Mwenye njaa hazuiwi kwa amri. Ataichimba kwa siri na kuipika kwa haraka. Heri afundishwe na anayejua. Wazee waliimenya, wakaikata vipande vyembamba, wakailoweka siku tatu au zaidi katika maji yanayotiririka, mbali na panapotekwa maji ya kunywa, ndipo wakaipika. Sumu yake huyeyuka na kuchukuliwa na maji. Kuichemsha tu hakutoshi. Asiyefundishwa na mjuzi asijaribu kabisa.

Sumu hiyo hushambulia ubongo. Mgonjwa hutapika, huchanganyikiwa, hata hupatwa na degedege. Wengine husema amerogwa, na saa za thamani hupotea kwa mganga. Alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali upesi, pamoja na kipande cha kiazi alichokula.

Akina bibi, waonyesheni wajukuu kazi hii yote, msiwaachie jina la kiazi tu. Nanyi viongozi wa jumuiya ndogondogo, ulizeni mapema ni nyumba ipi haina chakula. Debe la mahindi kutoka kwa jirani ni dawa tusiyokuwa nayo hospitalini.