Gari la Miguu Mirefu

Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia kijana mmoja wa mtaani petu hapa Mombasa. Amenunua Suzuki ya zamani, ile yenye springi za majani mbele na nyuma, na hamu yake ni kwenda nayo Kipini wakati wa masika. "Ami," akaniambia, "nataka kulinyanyua gari. Fundi asema atalimaliza kwa siku moja, tena kwa pesa chache."

Pesa chache! Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonishikisha kalamu leo, kwani niliwahi kuyasikia zamani, na waliokuja kuyalipia si sisi tuliotoa pesa.

Mwaka 1997, kabla ya mvua za El Niño kufungua milango yake, mtoto wa ami yangu alikuwa na Land Rover kuukuu akichukulia watu na nazi baina ya Witu na Kipini. Njia ilikuwa ya udongo, na udongo mweusi ukirowa hunata kama ulimbo. Akaona dawa ni kulipandisha gari. Fundi akakata mabapa ya chuma akatengeneza shakeli ndefu, yaani vile vishikio vinavyoifunga springi na chesisi, akazitia mbele na nyuma. Shokabsoba nazo akaziongezea vipande zifike. Gari likasimama kama korongo, nasi tukalizunguka tukicheka kwa furaha. Mimi nilikuwa wa kwanza kulisifu, na nilitunga hata beti mbili ambazo namshukuru Mungu zimepotea.

Alilolisahau fundi ni mpira wa breki. Springi sasa iliweza kuning'inia chini zaidi, lakini mpira ulibaki na urefu wake ule ule. Siku ya nne gurudumu la nyuma lilitumbukia shimoni, ekseli ikashuka, mpira ukanyoka ukakatika. Gari hilo la zamani mafuta ya breki yake yalikuwa na njia moja tu kwa magurudumu yote manne. Dereva akakanyaga, mguu ukazama hadi chini. Tulirudi kinyumenyume mteremkoni, watu tisa na magunia ya nazi juu ya keria, likapanda ukingo, likalala ubavu juu ya mkoma. Mama mmoja mtu mzima alivunjika mkono. Nilipokwenda kumjulia hali hakunilaumu hata kwa neno moja, na mpaka leo ukimya ule haujanitoka.

Nasi ni watu wa bahari! Nahodha hutia farumi chini kabisa ya jahazi kabla ya kutweka tanga. Ni nani amewahi kuona farumi imefungwa mlingotini? Lakini tukiingia garini tunalipandisha bodi juu, kisha juu yake tunapakia magunia na vijana wanne, halafu tunashangaa likiinama kwenye kona.

Isitoshe, wengi hawajui kwamba kunyanyua springi hunyanyua bodi tu. Kinachokwama matopeni aghalabu ni lile tumbo la katikati ya ekseli, wanaloliita difu, nalo halipandi hata unywele mmoja kwa shakeli ndefu. Linapanda kwa tairi. Kimo cha tairi kikizidi inchi mbili, difu hupanda inchi moja. Na shakeli yenyewe ni mchumi mbaya: uirefushe inchi mbili, gari litapanda kiasi cha inchi moja. Tena katika Suzuki hizi shakeli za mbele ziko mwisho wa mbele wa springi. Zikirefushwa, ekseli huzunguka kidogo na usukani huanza kutangatanga, ila fundi atie kabari baina ya springi na ekseli kuirudisha pembe yake. Wangapi hutia? Na wapo wanaochomeka matofali ya chuma chini ya springi za mbele. Hao wasipewe hata spana.

Mimi siwapingi vijana kutaka gari refu. Nasema pesa chache zianze mahali pake. Springi ya miaka thelathini imechoka, imenyooka. Yafunguliwe majani, ikwanguliwe kutu, lililokatika libadilishwe, bushi zitiwe mpya, na mara nyingi kimo alichokuwa akikitafuta mwenyewe hurudi bila kuvumbua kitu. Akitaka kuzidisha, aongeze jani moja kila upande, naye avumilie mtikisiko, maana springi itakuwa ngumu. Na kila inchi inayopanda iende na mipira mirefu ya breki na shokabsoba za kimo hicho, si zilizoungwa. Kama mfuko haufiki huko, gari libaki chini. Abiria ni amana.

Fundi wa shairi anajua kwamba ukizidisha mizani moja katika kipande, mwimbaji atachechemea hapo hata kama neno ni tamu kama asali. Nilimwambia kijana hayo, akanitazama kama mtu anayengoja mzee amalize. Basi nikampa kazi badala ya maneno: aliweke gari pahali tambarare bila mzigo, apime kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, aniletee hesabu.

Jana ameniletea kikaratasi. Pembe tatu zakaribiana. Ya nyuma, upande wa dereva, iko chini kwa inchi moja na robo. Tuliingia chini sote wawili, mimi na kikoi changu, na tochi. Jani la tatu limekatika pale pale kando ya ekseli, na kutu ndani ya ufa yaonyesha si la leo wala jana. Yule fundi wa siku moja alikuwa amelipitia gari lote asilione.

Jumamosi twaenda kutafuta jani.