Kwaya ya Mtaa Isiwe ya Wenye Sauti Nzuri Tu



Nchi hii haina upungufu wa kwaya. Pita karibu na kanisa lolote la Dar es Salaam Jumamosi jioni, utawasikia watu wa besi wakirudishwa kwenye mstari uleule mpaka mwalimu aridhike. Shida ni nani anayeruhusiwa kuimba. Siku hizi akili ya kwaya nyingi iko kwenye sare, albamu na video. Mzee ambaye sauti imeanza kukwaruza anaachia vijana nafasi. Mama wa pumu anaona aibu kuhema mbele za watu. Jirani Mwislamu anasikilizia dirishani, ingawa wimbo wa unyago au wa kulima ni wake pia.

Hao ndio wanaohitaji kwaya kuliko sisi wengine. Hebu tazama mazoezi yanavyoanza. Mwalimu anagonga meza kwa kalamu: shusheni mabega, vuteni pumzi hadi tumboni, sasa itoeni taratibu kwa "sss" mpaka nihesabu kumi na mbili. Wa nyuma anaishia nane, wote wanacheka, wanarudia. Pale kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, kinafanya kazi yake na pumzi inatoka kwa mpango. Mazoezi ya namna hiyo hiyo wanapewa wagonjwa wa mapafu. Mwaka 2020, kampuni ya opera ya English National Opera na hospitali za Imperial College za London zilianzisha mpango wa kuimba kwa watu waliobaki wakihema baada ya UVIKO-19, na utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha nafuu, hasa ya akili. Huku kwetu Afrika, nchini Gambia, wajawazito waliimba pamoja na vikundi vya wanawake viitwavyo kanyeleng, dalili za wasiwasi na sonona zikapungua. Sishangai. Mtu akikosa mazoezi mara mbili kwenye kwaya, kuna atakayebisha hodi kwake.

Wimbo si dawa ya kumfanya mtu aache vidonge vyake. Tena anayekohoa wiki mbili akapime kifua kikuu kwanza, na madirisha yabaki wazi: mwaka 2020, katika jimbo la Washington, Marekani, zaidi ya watu 50 waliugua UVIKO baada ya zoezi moja tu la kwaya.

Ninachoomba, kwaya ya mtaa iliyo wazi kwa kila mtu, hakihitaji mfadhili mkubwa. Wenyeviti wa serikali za mitaa, zungumzeni na walimu wakuu. Madarasa ya shule za msingi yanakaa matupu kuanzia saa kumi jioni. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mnapopita nyumbani kwa wazee waelekezeni huko. Wenye kipato, badala ya kuchangia sare nyingine, mlipieni mwalimu nauli na wazee maji ya kunywa. Kinanda si lazima. Nyimbo ziwe za wote, za harusi, za ngoma, hata taarabu ya zamani, na asiwepo wa kumchuja mtu kwa sauti.

Na wewe mwalimu wa kwaya unayesoma haya, jioni moja tu kwa wiki. Mpelekee mwenyekiti wa mtaa wako siku uliyochagua kabla Jumapili haijafika.