Wenye majina ya .ke tuwe na chama chetu

Mhariri,

Kikundi chetu cha wauza korosho hapa Msambweni kimepoteza jina lake la intaneti. Fundi aliyetutengenezea tovuti alilisajili kwa jina lake mwenyewe. Alipohama, hatukuwa na pa kushika. Anwani ile bado imechapwa kwenye mifuko yetu, lakini mteja akiifungua haoni kitu.

Majina ya .ke, yaani ya Kenya kama hilo letu, yaliyoanza mwaka 1993, husimamiwa na shirika la KENIC. Kimataifa, ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti, hupokea vyama vya watumiaji, na tangu 2007 vya Afrika hukutana katika jumuiya yao, AFRALO. Basi wavuvi, wenye nyumba za wageni Diani na kina mama wa Kwale tuunde chama chenye ada ndogo na uchaguzi wa kweli, nasi tusikilizwe. Umoja ni nguvu.

Mwanakikundi,
Msambweni, Kwale