Mastaa Wetu Mbona Hawataji Riwaya?

Wadau, hebu nisaidieni jambo moja. Kila msanii au mtangazaji wetu akiulizwa anasoma kitabu gani, utasikia ni cha siri za utajiri, au cha kuamka alfajiri na kutimiza malengo. Sina ugomvi na vitabu hivyo. Ila bado sijamsikia hata mmoja akisema kuna riwaya ilimkosesha usingizi. Basi ngoja niseme mimi, msomaji wa kawaida wa huku Murukulazo, Ngara, ambako kitabu kikija na mtu aliyetoka Mwanza kinazunguka mikononi mwa watu mpaka jalada linabanduka.

Naanza na za upelelezi, maana ndizo zilizonizoesha kusoma. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla ilitoka 1960, na Bwana Msa na kiko chake bado ananifurahisha. Anatazama, anauliza, anafikiri, na mimi nahangaika nimjue mhalifu kabla yake. Halafu chukua Willy Gamba wa Elvis Musiba: hapo moyo unadunda na ugali unapoa mezani. Kuna wasomi wanaziita riwaya hizi pendwa kwa sauti ya dharau. Mi nasema bila Willy Gamba watu wengi ninaowajua wasingewahi kumaliza kitabu kizima.

Kwenye mapenzi nipeni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yasmini anaozwa kwa mzee Raza angali binti mdogo, anatoroka, anampenda Denge, mwanasiasa anayewindwa na serikali ya mkoloni kule Unguja. Nilianza na hasira kwa wazazi, nikamalizia na wasiwasi, kila mlango ukigongwa humo kitabuni nikidhani Denge kakamatwa. Bahari yenyewe niko mbali nayo kabisa, lakini nilijiona nakaa mtaa mmoja na hao watu.

Rosa Mistika ya Kezilahabi ilinifanyia kitu kingine. Ilitoka 1971 na kuna wakati ilipigwa marufuku shuleni, kwa hiyo niliifungua nikitegemea mambo ya chumbani. Kumbe kilichonikamata ni baba, Zakaria. Mlevi, halafu mkali kwa binti kiasi cha kumpiga kisa barua ya mvulana. Baba huyo namjua. Nimekaa naye kwenye rubisi, nimemsikia akijisifu kwamba binti zake wanamwogopa. Nina mabinti wawili. Niliposoma Rosa anavyofika chuoni bila kujua namna ya kukaa na wanaume, kwa sababu nyumbani alifundishwa woga tu, nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kupunga hewa.

Sio kila kitu nakiweza, jamani. Nagona ya huyohuyo Kezilahabi, kitabu chembamba kabisa, nimekijaribu mara mbili na mara zote nimebaki natazama ukuta. Wanaokipenda wanasema ni falsafa. Sawa, mimi kilinichosha, na kuchoka nako ni jibu la msomaji.

Sasa kile kilichonigusa kuliko vyote. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa Kiswahili kilitoka 1980, na mwenyewe akafariki 1981. Ni kitabu kinene, kimejaa kulima, kuvua, kupika pombe ya ndizi, salamu ndefu za wakwe. Kurasa za mwanzo nilisinzia. Lakini ndani yake kuna mke na mume wasio na mtoto. Ndugu wa mume wanamsema vibaya mke, wazazi wake wanakuja kumchukua, na Myombekere, badala ya kuoa mwingine, anamfuata ukweni kumwomba arudi.

Huku kwetu mwanamke akikaa miaka mitatu bila mtoto, hata pale kisimani anasemwa. Mume anashauriwa aongeze, na akikataa ataambiwa amelishwa kitu. Mimi nimekaa kwenye vikao hivyo na kunyamaza kama wengine. Baada ya Myombekere sinyamazi tena. Mtu akianza, namuuliza kama anajua kuna mwanamume wa zamani, wa huku huku Ziwani, aliyepika pombe akambebea mkwe ili arudishiwe mke asiyezaa. Wengine wanacheka, ila maneno yanakatika.

Hapo ndipo ninapolalamikia namna tunavyofundishwa riwaya. Mtihani unataka dhamira, wahusika, mandhari, ujumbe, na majibu yako ubaoni tayari. Sikumbuki kuulizwa hata siku moja ni ukurasa gani ulinikasirisha, na kwa nini. Mtoto anatoka shuleni akiamini riwaya ni ya kukariri, akipata kazi haigusi tena. Ndiyo maana mastaa wetu wanataja vitabu vya malengo. Wengi hawakuwahi kuambiwa kwamba walichojisikia wakisoma kina maana yoyote.

Walimu, wekeni hilo swali moja darasani, hata bila maksi. Na nyie mastaa, siku mkiulizwa tena, tajeni riwaya moja iliyowauma. Mashabiki wenu wataitafuta kesho yake, nawaambia.