Bakteria wa Majimoto na Majibu ya Mtoto wa Wiki Sita

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI anapomleta kliniki mtoto wake wa wiki sita, swali lake huwa moja tu: je, mwanangu naye anavyo? Kipimo cha kingamwili hakiwezi kumjibu, kwani kingamwili za mama zaweza kubaki katika damu ya mtoto hadi miezi 18. Yatupasa kutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe kwa kipimo cha PCR. Nikiwa daktari wa watoto nimeagiza kipimo hicho mara nyingi, na ninakiri kuwa kwa miaka mingi sikujiuliza asili yake.

Asili yake, kwa sehemu kubwa, ni maji ya moto. Katika miaka ya 1960, Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichota sampuli katika chemchemi za Yellowstone, Marekani, ambazo maji yake hupashwa moto na volkano iliyo chini ya ardhi. Wataalamu wa wakati huo walizoea kuotesha bakteria wapenda joto kwenye nyuzi 55, tena kwa lishe nzito. Wao wakapandisha joto hadi 70 na zaidi, wakapunguza lishe. Ndipo akaota kiumbe asiyelingana na yeyote aliyekwisha kuelezwa. Walipima umbo lake, wakathibitisha kwamba hatengenezi mbegu za kujihami, wakaona hustawi kwenye nyuzi 70 na hukoma kukua karibu na 80. Mwaka 1969 wakamtangaza kwa jina Thermus aquaticus. (Walimpata hata katika maji ya moto ya bomba. Msomaji asihofu: mwili wenye nyuzi 37 ni baridi mno kwake.)

Wakati huo hakuna aliyejua angefaa nini. Jambo la busara walilofanya ni kuhifadhi mbegu hai katika hazina ya vimelea ili wengine waweze kuiomba. Kipimo cha PCR kilipobuniwa katika miaka ya 1980, kilihitaji kupasha vinasaba joto la takribani nyuzi 95 katika kila mzunguko, na kimeng'enya kilichotumika awali kiliharibika kila mara, ikabidi kiongezwe upya kwa mkono. Kimeng'enya cha bakteria huyu kilistahimili. Mizunguko 30 huweza kuzidisha kipande kimoja cha vinasaba hadi kufikia nakala zaidi ya bilioni moja.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu ambao, bajeti za utafiti zinapojadiliwa, huuliza kwanza: bakteria huyu atamponya nani? Swali ni la haki, lakini lingeulizwa mwaka 1969 lisingepata jibu.

Sisi tunazo chemchemi zetu: Songwe kule Mbeya, Bogoria nchini Kenya, na zile za kandokando ya Ziwa Natron. Tunachokosa zaidi ni hazina ya kudumu yenye friji za baridi kali na umeme usiokatika, pamoja na mikataba iliyoandikwa kabla sampuli haijavuka mpaka. Hifadhi ya Yellowstone haikupata mrabaha wowote kutokana na kimeng'enya kile; hapakuwa na mkataba. Nasi, tusipoandika wa kwetu sasa, tutakuja kununua kwa bei ya dukani kilichochotwa kwetu kwa chupa.